Tumbo la chini linalouma kila siku: si uvivu, ni ugonjwa

Siku moja mfanyakazi mmoja alikuja kwetu dispensere, ametoka posti ya usiku. Hakuwa mgonjwa. Alikuja kulalamika juu ya bibi yake.

"Munganga, mama watoto amekuwa mvivu. Ninarudi nyumbani, bukari bado, maji hakuna, yeye amelala. Nimechoka. Nitamrudisha kwa wazazi wake."

Nilimwuliza: "Tangu lini?" Alifikiri kidogo, akajibu: "Tangu tulipozaa mtoto wetu wa mwisho. Sasa ni miaka miwili." Nikamwambia: "Kesho mje wote wawili."

Mama yule alieleza kwa sauti ndogo. Baada ya kuzaa alipata homa kali, lakini hakuja lupitalo. Homa iliisha, maumivu yakabaki chini ya kitovu na kiunoni. Wengine walimwambia amerogwa. Wengine walimwambia ndiyo mzigo wa wanawake wote. Basi alinyamaza.

Wewe unayesoma, angalia vizuri. Labda mama wa namna hiyo yuko nyumbani mwako.

Siku ya mama mgonjwa

Maumivu ya tumbo la chini yakidumu miezi 6 au zaidi, hata kama yanakuja na kuondoka, waganga wanayahesabu kuwa ugonjwa wa kudumu. Kwa macho hauonekani. Hakuna kidonda, hakuna bandeji. Lakini fikiri kazi za siku moja.

Mama anaamka saa 11 asubuhi kuteka maji. Bidoni moja ya litri 20 ina uzito wa kilo 20, naye anaibeba kichwani. Anainama kufagia, anatwanga sombe, anafua nguo, anasonga bukari, anabeba makala na mtoto mgongoni. Kila kuinama ni maumivu. Sokoni hawezi kukaa siku nzima, basi anauza kidogo. Usiku anaogopa kulala na mume wake, kwa kuwa napo pana maumivu. Mume anafikiri hapendwi tena. Hapo ugomvi unaanza.

Na mama anayefanya kazi kwenye kompani, ofisini au kwenye usukani wa lori kubwa la mgodi? Huyu anaona haya kusema ukweli kwa mkubwa wake. Anasema: "Nina malaria." Au anameza vidonge na kupanda lori. Hiyo ni hatari. Maumivu yanaondoa akili kwenye kazi, na vidonge vingine vikali vinaleta usingizi.

Unatoka wapi?

Sababu ni nyingi. Hizi ndizo tunazokutana nazo:

1. Vijidudu vilivyopanda katika nyumba ya mtoto na mirija yake. Vinatoka katika magonjwa ya zinaa, au vinaingia baada ya kuzaa au mimba kutoka. Visipotibiwa mapema, vinaacha makovu. Vijidudu vinakufa, makovu yanaendelea kuuma, na yanaweza kuzuia mimba.

2. Andometrioze. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya nyumba ya mtoto inaota nje yake. Karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao ugonjwa huu. Maumivu yanazidi wakati wa damu ya mwezi. Msichana anayekosa masomo kila mwezi kwa maumivu, msimwambie atazoea.

3. Uvimbe katika nyumba ya mtoto. Mara nyingi si kansa.

4. Kichocho. Wale wanaoosha mawe ya madini, kufua au kuoga katika mito na maziwa, mdudu anawaingia kwa ngozi. Wengi wanakojoa damu. Kwa mwanamke anaweza kuumiza pia njia ya uzazi, na watu wakadhani ni ugonjwa wa zinaa. Dawa yake ipo.

5. Kibofu, matumbo, au misuli ya kiuno.

Mara nyingine waganga wanatafuta na hawaoni sababu moja. Hata hivyo maumivu ni ya kweli. Mama hasemi uongo.

Ufanye nini?

Mama, andika katika karatasi au ukumbuke: yanauma siku gani, ukifanya nini, damu ya mwezi inakuja namna gani. Mwambie munganga yote, hata mambo ya kitandani. Siri yako haitoki.

Usinunue vidonge viwili vya antibiotiki njiani. Dawa nusu haiponyi. Usijioshe ndani kwa majani, chumvi wala sabuni. Usimeze dawa za maumivu kila siku bila kuuliza, zinaweza kuharibu tumbo na figo.

Kimbia lupitalo siku ile ile kama maumivu yamekuja ghafula na damu ya mwezi imechelewa, kama unazimia, una homa kali, au damu inatoka nyingi. Ukiona damu baada ya kulala na mume, au baada ya kukoma kwenda mwezini, njoo upimwe, usingoje.

Baba, njoo na bibi yako. Kama ni ugonjwa wa zinaa na mmoja peke yake anatibiwa, mwingine atamrudishia. Nyumbani gawanyeni kazi. Vijana wa kiume pia wana mikono ya kuteka maji.

Mama yule wa mwanzo alipimwa, na wote wawili walipewa dawa. Sitawadanganya: maumivu hayakuisha yote, lakini yalipungua sana. Sasa anateka maji kwa bidoni ndogo, na bidoni kubwa ni kazi ya mtoto wao mkubwa. Amerudi sokoni. Mume hasemi tena habari ya kumrudisha kwa wazazi.

Bwana mfanyakazi, mashine yako ikitoa sauti mbaya, unaisimamisha na kuwaita watu wa matengenezo. Huitukani. Mama watoto akisema "ninaumwa", mlete.