Seli mundu: Kabla ya kumlaumu mama wa mtoto, tuangalie damu ilivyochanganyika

Swali la wiki hii limetoka kwa baba mmoja mchimbaji wa huko Katoro, Geita. Mtoto wake ana miaka mitatu na amegundulika kuwa na seli mundu. Alipokuwa na miezi minane alivimba vidole vya mikono na miguu, akalia usiku kucha, akapelekwa kwa mganga kwanza na hospitali baadaye, kama inavyotokea kwa wengi. Baba huyo hakuuliza dawa. Amesikia kwamba Wazungu wamechanganya damu na watu wa kale wasiokuwa kama sisi, kwamba ndiyo sababu UVIKO-19 uliwaua sana, na kwamba sisi Waafrika damu yetu ni safi. Sasa anataka kujua: ugonjwa huu umeingia kwake kupitia kwa nani? Ameongeza, kama kwa bahati mbaya tu, kwamba mkewe kwao ni Kigoma.

Mzazi mwenzangu, ukisoma hilo swali vizuri utaona kuna ndoa inayoyumba ndani yake. Kwa hiyo nitalijibu lote, kuanzia hao watu wa kale.

Habari hiyo si uzushi. Miaka 50,000 hivi iliyopita, watu waliotoka Afrika walikutana huko Ulaya na Asia na aina nyingine ya binadamu, Waneandertali, wafupi, wenye mwili mnene na paji la nyusi lililojitokeza. Wakazaa nao. Mwaka 2010 mwanasayansi Svante Pääbo na wenzake walisoma vinasaba vilivyobaki ndani ya mifupa ya Waneandertali, wakaona kwamba watu wa Ulaya na Asia wa leo wamerithi kutoka kwao kiasi cha asilimia moja hadi nne ya vinasaba vyao. Mwaka huohuo kipande cha mfupa wa kidole kutoka pango la Denisova, Siberia, kilionyesha aina nyingine tena ya watu, nao wameacha damu yao kwa watu wa Asia na visiwa vya Pasifiki. Pääbo alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2022.

Lakini hiyo "damu safi" yetu haipo. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba hata Waafrika tuna chembe za urithi wa Waneandertali, chini ya asilimia moja, zilizoletwa na watu waliotoka nje na kurudi barani. Tena kuna jambo la karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 2012 timu ya Profesa Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 15: Wahadzabe watano na Wasandawe watano wa hapa Tanzania, na Mbilikimo watano wa Cameroon. Wahadzabe unawajua. Wengine wanaishi Meatu, kuelekea Ziwa Eyasi, na Meatu ilikuwa mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka huohuo wa 2012. Katika makundi yote matatu walikuta vipande vya vinasaba visivyofanana na vya wengine, kana kwamba vilitoka kwa watu waliokaa mbali na babu zetu kwa mamia ya maelfu ya miaka, kisha wakaja kuoana nao.

Watu hao ni akina nani? Joto la kwetu huharibu vinasaba ndani ya mifupa ya kale, kwa hiyo hakuna mfupa wa kuwalinganisha nao. Wanasayansi walifanya kama wale wanaonunua marudio, ule mchanga uliokwisha oshwa mwaloni: mwenye duara ameshaondoka, lakini dhahabu yake bado imo, na ukiwa na dawa sahihi unaipata. Mifupa ya watu wa kale yenyewe ipo. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliokota vipande vya fuvu kando ya Ziwa Eyasi, fuvu nene lisilofanana kabisa na letu. Ila hakuna anayeweza kusema ndiye huyo. Na mwaka 2023 wanasayansi wengine walichapisha hoja kwamba huenda hapakuwa na mgeni yeyote, bali matawi ya babu zetu wenyewe yaliyotengana muda mrefu ndani ya Afrika na kuoana tena. Nionavyo mimi, kwa mzazi hoja zote mbili zinafika palepale. Hakuna ukoo ambao haukuchanganyika. Na asije mtu akachukua habari hii kuwadharau Wahadzabe. Wao ni binadamu kama wewe, na mchanganyiko wa aina hiyo umeonekana pia kwa Wayoruba wa Nigeria.

Kilichorithiwa kutoka kwa watu wa kale kinaweza kukufaa au kukudhuru, kutegemea unaishi wapi na ugonjwa gani unapita. Watu wa Tibet wanaishi kwenye milima mirefu yenye hewa nyepesi wakisaidiwa na kipande cha vinasaba kilichofanana na cha Wadenisova. Kuhusu UVIKO-19, ni kweli kwamba mwaka 2020 Pääbo na mwenzake Hugo Zeberg walionyesha kipande cha Kineandertali kinachoongeza hatari ya kuugua vibaya. Karibu nusu ya watu wa Asia ya Kusini wanacho, Ulaya ni kama 16 kwa kila 100, na Afrika karibu hakipo. Lakini usikimbie na hiyo habari. Afrika ilikuwa na vijana wengi, na umri ulikuwa na uzito mkubwa kuliko kipande chochote; hapa kwetu pia tulizika. Halafu Zeberg aliendelea kuchunguza, akakuta wenye kipande hichohicho hatari yao ya kuambukizwa VVU imepungua kwa zaidi ya robo. Kitu kimoja, ugonjwa huu kinakuchongea, ule kinakukinga.

Hapo ndipo tunafika kwa mtoto wa Katoro.

Seli mundu haikutoka kwa Waneandertali wala kwa watu wa Eyasi. Ni badiliko dogo mno lililotokea kwa watu kama sisi, hapahapa Afrika. Utafiti mmoja wa mwaka 2018 ulikadiria miaka 7,300 hivi iliyopita, kwa mtoto mmoja tu. Kutoka kwake limesambaa kwa njia ileile ya kuoana, kizazi kwa kizazi, hadi Uarabuni na India. Kwa nini halikupotea ilhali linaua watoto? Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa jibu mwaka 1954 baada ya kupima watu wa Afrika Mashariki: aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu, yule tunayemwita AS, malaria kali haimuui kirahisi. Penye mbu wengi, AS waliishi na kuzaa. Ndiyo maana limejaa Kanda ya Ziwa. Watoto wachanga wapatao 17,000 walipopimwa kaskazini magharibi mwa Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha mmoja kati ya watano ni AS, na zaidi kidogo ya mmoja kwa kila mia ana ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo baba, sikiliza vizuri. Mtoto hawi SS kwa kurithi upande mmoja. Lazima apate S moja kwa mama na S nyingine kwa baba. Kama mwanao ni SS na ni damu yako, basi nawe umeibeba, hata kama hujaugua siku moja na unashuka duara kila asubuhi. Wewe Msukuma wa Kahama, yeye Muha wa Kigoma, mmekutana machimboni kama maelfu wengine wanaokutana Nyarugusu, Kakola na Geita mjini, kila mmoja na S yake aliyoachiwa na babu waliopona malaria. Hakuna aliyemletea mwenzake.

Mimba inayofuata je? Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Nasisitiza neno kila, maana wengi huhesabu kwamba mgonjwa ameshapita, sasa watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Kila mimba ni duara jipya, mwamba haukumbuki ulichochimba jana. Nimeona nyumba yenye wagonjwa watatu, na nyumba ya AS wawili yenye watoto sita wazima.

Jambo jingine linalochanganya watu: anayekingwa na malaria ni AS. Mtoto SS hakingwi. Kwake malaria ni hatari zaidi, kwa hiyo chandarua na dawa ya kinga aliyopangiwa kliniki visikosekane. Apewe penisilini ya kila siku hadi atimize miaka mitano, chanjo zote, na maji ya kunywa mara kwa mara, hasa kiangazi cha Shinyanga kinapokausha kila kitu. Baridi ya alfajiri nayo huamsha maumivu, mfunike. Akipata homa usisubiri kupambazuke. Akipauka ghafla na tumbo upande wa kushoto likavimba, ni dharura. Muulize daktari kuhusu haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu na haja ya kuongezwa damu. Bugando, Mwanza, kuna kliniki ya watoto wenye seli mundu. Na wewe AS unayefanya kazi chini ya ardhi, kwa kawaida huna ugonjwa, lakini usifanye kazi nzito kwenye joto bila maji.

Baba wa Katoro ameandika pia kwamba kuna mdogo wake mtoto huyo, wa miezi minne, na kwamba alipimwa karibuni akaambiwa yuko salama. Arudishwe. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kile kipimo cha zamani cha kuangalia chembe zinazojikunja kinaweza kutoa jibu la uongo, kwa sababu damu yake bado ina hemoglobini ya tumboni kwa mama. Aombewe kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, na wazazi wote wawili watoe damu siku hiyohiyo.