Likizo Ikishatiwa Sahihi

Fomu ya likizo katika ofisi nyingi za Kenya huuliza zaidi ya tarehe za kuondoka na kurudi. Huuliza siku ulizobakiza, simu utakayopatikana nayo, na jina la mwenzako atakayeshika kazi yako. Mkuu wa idara hutia sahihi, afisa wa rasilimali watu huthibitisha, na nakala huwekwa kwenye faili. Kufikia hapo, mwajiri amekwisha kukiri kwamba kazi inaweza kuendelea bila wewe na amemkubali atakayeiendesha. Kwa hiyo ujumbe unaoingia Alhamisi jioni kusema kwamba likizo ya Jumatatu imefutwa si badiliko dogo la ratiba. Hoja yangu ni kwamba mwajiri ana mamlaka ya kupanga wakati wa likizo, lakini akishayatumia, na mfanyakazi akatoa pesa zake kwa kuiamini sahihi hiyo, hapaswi kuigeuza bila kushauriana naye, bila sababu ya kweli na bila kubeba hasara iliyotokea.

Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 28, inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12 mfululizo ya utumishi. Haielezi waziwazi mwajiri afuate utaratibu gani akitaka kufuta likizo aliyokwisha kuidhinisha, na ukimya huo ndio ngao ya meneja anayesema kwamba hakuna sheria inayomkataza. Lakini kifungu hicho hakiishii hapo. Siku hizo 21 haziwezi kugawanywa vipande bila ridhaa ya mfanyakazi. Zikigawanywa, kipande kimoja sharti kiwe cha wiki mbili za kazi zisizokatizwa, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine, na siku zinazobaki zichukuliwe kabla ya kupita miezi 18 tangu kipindi kilichozaa likizo hiyo kiishe. Ukiyasoma masharti haya pamoja, utaona kwamba mwajiri anayempigia simu mfanyakazi katika siku ya nne ya mapumziko yake na kumwamuru arudi anaikata likizo vipande, na ridhaa ambayo sheria inaidai hajaiomba. Naye anayeahirisha mara kwa mara mpaka muda ukapita ameitoa haki mkononi mwa mwenyewe, hata kama kila mara alisema ni kuisogeza mbele tu.

Kuna msingi mwingine ambao hautajwi sana. Kenya iliridhia mwaka 1979 Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1970, kuhusu likizo yenye malipo. Ibara ya 10 ya mkataba huo inasema kwamba, pale ambapo wakati wa likizo haujapangwa kwa kanuni au kwa makubaliano ya pamoja, mwajiri ataupanga baada ya kushauriana na mfanyakazi au wawakilishi wake, akizingatia mahitaji ya kazi na pia nafasi aliyonayo mfanyakazi ya kupumzika. Katiba ya 2010, kwa ibara yake ya 2(6), inaifanya mikataba ambayo Kenya imeiridhia kuwa sehemu ya sheria za nchi, na ibara ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Ikiwa kuipanga likizo kunadai mashauriano, kuipangua kunayadai zaidi, kwa sababu wakati wa kupanga hakuna aliyekwisha kununua tiketi.

Nchi nyingine zimeona pengo hili na kuliziba kwa maneno machache. Uingereza, kwa kanuni za saa za kazi za 1998, inamruhusu mwajiri kuizuia likizo, ila sharti atoe taarifa ya siku zisizopungua idadi ya siku anazozizuia: likizo ya siku kumi inadai taarifa ya siku kumi kabla haijaanza, kama mkataba wa kazi hausemi vingine. Ufaransa, pale ambapo hakuna makubaliano ya pamoja, inamkataza mwajiri kubadilisha tarehe ikiwa umebaki chini ya mwezi mmoja kabla ya likizo kuanza, isipokuwa kwa hali zisizo za kawaida. Tanzania, ambako likizo ya mwaka ni siku 28, inamwachia mwajiri kuchagua wakati lakini inamwekea ukomo: ichukuliwe kabla ya kupita miezi sita baada ya mzunguko wa likizo, au miezi kumi na miwili iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanahalalisha. Katika nchi zote hizo biashara zinaendelea.

Waajiri watasema kwamba dharura haipigi hodi. Ni kweli. Kiwanda kinaweza kuungua, ugonjwa unaweza kulipuka na wodi zikajaa, na yule aliyepaswa kushika zamu anaweza kulazwa usiku wa kuamkia safari ya mwenzake. Katika hali kama hizo mfanyakazi mwenye moyo wa kazi mara nyingi hurudi bila kushurutishwa. Lakini mambo mengi yanayoitwa dharura maofisini yalikuwa kwenye kalenda tangu Januari. Hoteli za Mombasa na Diani zinajua kwamba Desemba italeta wageni. Idara ya fedha inajua mwaka wa hesabu unafungwa lini. Meneja aliyeidhinisha likizo tatu katika wiki moja, kisha akagundua hana watu, amekosea kupanga, na si haki gharama ya kosa hilo ilipwe na mwenye mshahara mdogo kuliko wake.

Wengine watasema kwamba likizo haijapotea, itachukuliwa mwezi ujao. Jibu hilo linasahau kwamba thamani ya likizo iko katika wakati wake. Mzazi aliyeomba wiki ambayo shule zimefungwa hafaidiki sana na wiki ambayo watoto wamerudi darasani. Harusi ya ndugu haingoji, wala tarehe ya upasuaji wa mama. Na mwenye duka la watu watano atauliza kama tunataka kumfilisi. La. Anachotakiwa ni kurudisha nauli na malipo ya awali yaliyopotea, na hilo ndilo linalompima ukweli wake. Tuseme mfanyakazi amekwisha kulipia nauli ya watu wanne kutoka Nairobi hadi Kisumu. Kama kazi inayomrudisha haina thamani ya nauli hiyo, basi haikuwa dharura.

Hata hivyo, mwenye haki naye anaweza kujiharibia. Kuondoka tu baada ya kuambiwa likizo imefutwa ni hatari, kwa kuwa kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya Kenya kinataja kutokuwapo kazini bila ruhusa, na kukataa amri halali, miongoni mwa makosa yanayoweza kumfanya mtu afukuzwe mara moja. Njia salama ni kuandika siku hiyohiyo: taja tarehe ya kuidhinishwa, omba sababu kwa maandishi, ambatisha risiti, omba kurudishiwa gharama na kupangiwa tarehe mpya. Ukilazimika kurudi, andika kwamba unarudi bila kuridhia. Mwajiri anawajibika kutunza kumbukumbu za likizo za kila mfanyakazi, nawe tunza nakala zako nje ya kompyuta ya ofisi. Akikuita kwa mashtaka ya nidhamu, kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinakupa haki ya kusikilizwa ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Mkishindwa kuelewana, milango iko kwa chama, kwa afisa wa leba, na hatimaye kwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambako madai ya mkataba wa kazi kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka mitatu.

Lakini kumwachia kila mfanyakazi apigane peke yake si suluhisho, maana wengi huogopa zaidi kuipoteza kazi kuliko kuipoteza likizo. Ndiyo sababu Bunge linapaswa kuongeza kifungu kifupi: taarifa isiyopungua urefu wa likizo inayofutwa, sababu kwa maandishi, na gharama zilizothibitishwa kulipwa na mwajiri. Kabla ya hapo, vyama vya wafanyakazi vinaweza kuyaingiza masharti hayohayo katika mikataba ya pamoja, na mwajiri mwadilifu anaweza kuyaandika katika kanuni zake bila kungoja mtu. Sahihi ya mfanyakazi kwenye mkataba wa kazi humfunga. Sahihi ya mwajiri kwenye fomu ya likizo nayo inapaswa kumfunga.