MWANGWI WA MILIMA NA HABARI YA MAJERUHI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayebaki kambini na watoto, somo letu la leo ni ujumbe wa simu na wa redio. Usiseme kwamba hiyo ni kazi ya mafundi wa antena, si ya munganga. Mtu akiangukiwa na jiwe, msaada wake unaanza na habari inayofika kwenye dispanseri. Habari ikifika imeharibika, gari litakwenda mahali pengine, au itatumwa machela moja kumbe majeruhi ni watatu.

Kwa nini habari inaharibika?

Simama juu ya kilima cha Masisi, uite kwa nguvu kuelekea ng'ambo. Utasikia sauti yako inarudi. Mawimbi ya simu nayo hufanya hivyo. Yale yanayotoka kwenye antena, mengine yanakuja kwako moja kwa moja. Mengine yanagonga mlima kwanza, ndipo yanafika kwa kuchelewa.

Simu za leo zinageuza maneno kuwa alama mbili tu, 0 na 1, zinazofuatana upesi sana. Katika mtandao wa 2G zinapita alama zipatazo 270,000 kwa sekunde. Katika muda wa alama moja, wimbi linasafiri karibu kilomita 1.1. Basi wimbi lililozunguka kwa mlima likitembea kilomita hiyo moja zaidi, alama ya zamani inaangukia juu ya alama mpya. Simu inaona 0 mahali pa 1, nawe unasikia maneno yaliyokatika.

Mashine inasahihisha namna gani?

Ndani ya simu mna kisawazishi. Alama zinatumwa kwa mafungu ya 148, na katikati ya kila fungu mna alama 26 ambazo simu inazijua tangu mwanzo. Hizo hazibebi habari. Ni za kupimia tu. Simu inatazama zimefika katika hali gani, inazilinganisha na zile inazozijua, na kwa tofauti hiyo inatambua mwangwi umeharibu nini. Kisha inasahihisha alama nyingine za fungu lile. Inapima upya kila fungu, kwa sababu wewe unatembea na gari linakwenda. Kazi ya namna hii ilianzishwa kwenye nyaya za simu huko Marekani na mhandisi Robert Lucky wa Bell Labs, mwaka 1965.

Lakini kisawazishi kina mipaka. Katika 2G kilitengenezwa kuvumilia mwangwi uliozunguka njia ndefu zaidi kwa karibu kilomita 5. Katika misitu ya Walikale shida kubwa ni nyingine: miti inapunguza nguvu ya mawimbi, na wimbi lililokufa halisawazishwi. Chini ya ardhi, kama katika mgodi wa bati wa Bisie, mawimbi ya antena ya nje hayapiti mwamba.

Ufanye nini siku ya ajali?

1. Hama mahali. Hata hatua chache zinaweza kubadili jinsi mawimbi yanavyokutana. Ukiwa bondeni, panda. Ukiwa msituni, tafuta uwanja wazi.

2. Fuata mpango mmoja siku zote: mahali, idadi ya majeruhi, hali yao (anapumua? anajibu? anatoka damu?), halafu njia inayopitika. Anayepokea akijua nini kinafuata, atatambua mara moja kilichokosekana.

3. Taja tarakimu moja moja. «Sita» na «tisa» zinachanganyika masikioni. Kwa 9 sema «kenda». Wanaohesabu kwa Kifaransa wajihadhari na six na dix.

4. Anayepokea arudie habari yote. Usikubali «sawa» peke yake. Asipoirudia, mwombe airudie.

5. Kisha andika SMS. Alama zake zinakaguliwa njiani, na kipande kilichoharibika kinatumwa tena. Lakini SMS inaweza kuchelewa, kwa hiyo isiwe njia yako pekee.

Nawe mama, sheria ya nne ni yako pia. Munganga akikuambia kwa simu idadi ya vidonge vya mtoto, mrudie: vingapi, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi. Usione haya kuuliza mara ya pili. Nusu kidonge na vidonge viwili si kitu kimoja katika mwili wa mtoto mdogo.

Kapita, bandika mpango huu karibu na redio, na uwajaribu watu wako kabla ya zamu kuanza. Kisawazishi kinaondoa mwangwi wa mlima tu. Ukitaja shimo namba 6 kumbe ajali iko namba 9, simu itafikisha kosa hilo vizuri kabisa.