Je, Wajua? Chanjo ya UTI Haina Sindano

Je, wajua kuwa choo kinasingiziwa? Kuanzia Endabash, huku Karatu, hadi Dar es Salaam, mwanamke akiambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, lawama ya kwanza huangukia choo kichafu. Mhalifu mkuu ni bakteria E. koli, aliyeelezwa na daktari Theodor Escherich mwaka 1885, na makazi yake ni utumbo wako mwenyewe. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi. Ya mwanamume hufika 20. Kwa mwanamke, safari ya bakteria hadi kibofuni ni fupi mno.

Je, wajua UTI inaitwa ya kujirudia lini? Ikikurudia mara mbili ndani ya miezi sita, au mara tatu kwa mwaka.

Je, wajua kuwa mkojo kuchoma si lazima iwe UTI? Mradi wa utafiti uitwao HATUA ulipima mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili Kenya, Uganda na Tanzania, huku kwetu Tanzania ikiwa Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro. Waliokutwa nayo kweli walikuwa 35 katika kila 100. Tena, zaidi ya nusu ya E. koli waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa. Karatu haikupimwa, lakini sijasikia kizuizi pale Makuyuni, njiani kuja Karatu, kinachoshusha bakteria kwenye basi.

Je, wajua kuwa chanjo ipo, na ina ladha ya nanasi? Inaitwa MV140, imetengenezwa Hispania, na ndani yake mna bakteria wa aina nne waliokwisha kuuawa. Unapuliza chini ya ulimi mipulizo miwili kila siku kwa miezi mitatu. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya wanawake 240 wenye UTI ya kujirudia: kwa waliopewa dawa bandia, robo tu walimaliza miezi tisa bila kuugua, kwa waliochanjwa, zaidi ya nusu. Kisha Aprili 2024, jijini Paris, madaktari kutoka Reading, Uingereza, walieleza kuwa kati ya wagonjwa 89 waliowafuatilia kwa miaka tisa, 48 hawakuugua tena. Hapo mimi nashangilia kwa kiasi, maana hao hawakuwa na kundi la kulinganishwa nalo. Marekani nako, hadi wakati huo, ilikuwa haijaidhinishwa.

Je, wajua kuwa maji yamepimwa kama dawa? Nchini Bulgaria, wanawake 140 waliokuwa wakinywa maji kidogo waligawanywa makundi mawili. Walioongeza lita moja na nusu kwa siku waliugua wastani wa mara 1.7 kwa mwaka. Wenzao, mara 3.2. Lita moja na nusu ni chupa moja kubwa ya dukani. Ila mwambie hilo mama anayepalilia mbaazi tangu alfajiri, kidumu kakiacha chini ya mti, na mkojo kaubana hadi amalize mstari.

Je, wajua kuwa mkojo huoteshwa? Maabara huwakuza bakteria na kuona ni dawa ipi inawaua. Majibu hutoka baada ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo UTI ikirudi, usimwambie muuza dawa "nipe ile ya juzi". Omba uoteshewe kabla ya kumeza dozi. Na ukiwa mjamzito, au una homa na maumivu ya ubavu, nenda hospitali leo hii.