Mvua ikikatika, mlima haujamaliza

MINOVA – Asubuhi baada ya mvua kubwa, jua linatoka, Ziwa Kivu linang'aa, na kwenye mashimo sauti ni moja: « Mvua imekatika, tushuke! » Hapo ndipo wengi wanakosea. Juu mvua imeisha, lakini ndani ya udongo maji bado iko inashuka. Udongo uliolowa unakuwa mzito, na maji ikijaa kati yake na jiwe, unateleza. Kilima kinaweza kusimama usiku mzima wa mvua, kisha kianguke jua likiwaka.

Hapa Kalehe tunajua uchungu wake. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko kule Nyamukubi, mito ilishusha matope na mawe, Bushushu vilevile. Watu zaidi ya 400 walikufa. Kamituga nako, tarehe 11 Septemba 2020, maji ya mvua iliingia kwenye mashimo, na wachimbaji karibu 50 hawakutoka.

Katika milima ya Alpes, Ulaya, theluji mpya ikianguka juu ya ile ya zamani, wenye kujua hawakimbilie mteremko mkali. Wanajua siku ya kwanza na ya pili ndizo mbaya zaidi. Sisi mzigo wetu ni maji, lakini hesabu ni ile ile.

Basi, ndugu mchimbaji, mbele ya kushuka, zunguka kwanza juu ya shimo. Kuko ufa mpya? Miti imeinama? Maji inatoka mahali haikutoka jana? Ndani, miti ya kushikilia inalia, vijiwe vinadondoka vyenyewe? Alama moja inatosha: watu wote watoke. Na udongo munaoutoa, musiurundike kwenye mdomo wa shimo.

Mama unayeishi chini ya mlima, angalia mto. Mvua inanyesha lakini maji inapunguka ghafla? Ujue huko juu udongo umeziba njia, na kizuizi kitapasuka. Beba watoto, mupande pembeni, musifuate bonde.

PDG wa shimo atasema siku inapotea. Ni kweli, na nyumbani watoto wanangojea chakula. Lakini deni ya siku moja inalipwa. Baba asiyerudi, nani atamlipa?