Stensili, pinboli na joto la Adam

Usishike msasa kabla hujanakili michoro. Sanduku la pinboli, ule mchezo wa gololi ya chuma na mikono ya kuipiga, likiwa la miaka ya 1960, kwa kawaida lina rangi ya chini inayoelekea weupe na juu yake michoro ya rangi 2. Ukishalisugua, umefuta ramani yako mwenyewe. Tandaza nailoni angavu ubavuni, fuata kila ukingo kwa kalamu, hata uliofifia. Kila ubavu uwe na nakala yake, maana mara nyingi mbavu hazilingani.

Hazilingani kwa sababu zilipakwa kwa mkono. Huko Chicago, kwenye viwanda vya Gottlieb, Williams na Bally, fundi aliegemeza stensili kwenye ubao, kama zile za kuandikia magunia, akapuliza. Kazi ilikwenda mbio, stensili haikulala sawasawa, rangi ikapenya chini yake na kuacha ukungu mwembamba pembezoni. Siku hizi wengi hubandika stensili ya kunata na kupata ukingo mkali kama wembe. Kwangu hilo ni kosa, tena kubwa: ukungu ule ndio mkono wa fundi. Kata stensili ya karatasi ngumu, iinue kidogo sana kwa vipande vya kadibodi, kisha puliza ukiielekeza rangi wima.

Herufi O huhitaji vidaraja, la sivyo kiini chake kitadondoka. Hata jicho la wau ya Kiarabu ni vivyo hivyo. Vidaraja huacha mapengo kwenye rangi. Usiyazibe.

Hapa Adam, mji wa Oman ukingoni mwa jangwa, joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Thina huruka kabla tone halijafika ubaoni, rangi ikatua kama unga, ukiigusa inakwaruza. Ngoja Desemba hadi Februari, chagua siku isiyo na upepo, tumia thina inayokauka polepole, na nyunyizia sakafu maji vumbi lilale.

Kama sanduku limetoka pwani, Sur au Unguja, liache ndani wiki kadhaa kabla ya kulitia puti. Plaiwudi iliyokunywa unyevu husinyaa katika ukavu huu, na ufa uliozibwa mapema hufunguka tena ukaipasua rangi mpya, pale pale kwenye maungio.