Gari la Spoti Jipya: Joto Kwanza, Mbio Baadaye

Mwaka 2022, na tena mwaka uliofuata, magari ya Toyota yalishika nafasi nne za kwanza kwenye Safari Rally kule Naivasha. Tangu hapo jina la GR Yaris halikosekani vijiweni, hata kwa watu ambao hawajawahi kuligusa. Mwenye uwezo huagiza lake Japani. Tuwekane sawa mapema: lile lililompa dereva Kalle Rovanperä ushindi silo hili linaloshushwa melini. La mashindano lilikuwa na injini ya silinda nne ikisaidiwa na mota ya umeme. La dukani lina silinda tatu, ujazo wa cc 1,618, turbo moja, na lilipozinduliwa mwaka 2020 toleo la Japani lilitoa nguvu za farasi 272. Kwa injini ndogo namna hiyo, hizo ni nguvu nyingi mno, na ndiyo maana malezi yake ya mwanzo hayataki mzaha. Mengi nitakayoyasema yanamhusu pia mwenye Subaru WRX, BMW M au gari lolote la spoti lililotoka kiwandani juzi.

Kwanza tuangalie kinachotokea ndani. Ukuta wa silinda mpya haujang'arishwa kama watu wanavyodhani. Kiwandani hukwaruzwa kwa makusudi, mistari myembamba inayopishana, ili oili ipate pa kukaa. Ringi za pistoni nazo bado zina makali yake. Katika kilomita za mwanzo ringi na ukuta husuguana mpaka vikakubaliana, na kinachozibana ringi ukutani ni msukumo wa gesi ya moto iliyo juu ya pistoni. Msukumo huo hupatikana injini ikifanya kazi, si ikibembelezwa.

Kwa hiyo kuna makosa mawili, na la pili halisemwi sana. La kwanza ni la kijana anayekanyaga mafuta mpaka mwisho siku ileile aliyokabidhiwa ufunguo. La pili ni la mzee mwenye huruma, anayetoka Kibaha hadi Chalinze kwa mwendo uleule wa 60, gia ileile, mguu haunyanyuki wala haushuki. Injini ya namna hiyo ukuta wake unaweza kupata mng'ao kabla ringi hazijakaa, na gari likaanza kula oili likiwa bado linanukia upya.

Vitabu vya Toyota vinasema wazi. Kilomita 300 za kwanza epuka kufunga breki za ghafla. Mpaka kilomita 1,000 usiende mwendo mkali sana, usiongeze mafuta kwa ghafla, usikae muda mrefu kwenye gia ndogo, na usishikilie kasi moja kwa muda mrefu. Sharti hilo la mwisho ndilo wengi wanaloliruka. BMW kwa magari yake ya M hutaka kilomita 2,000 zenye mipaka, injini isizidi mizunguko 5,500 kwa dakika, na Porsche hupendekeza subira ya kilomita 3,000. Namba zinatofautiana, wazo ni lilelile: badilisha mwendo, panda na ushuke, ipe injini kazi ya wastani kisha iache ipumue.

Barabara ya Morogoro, kwa kituko chake, inafaa sana kwa zoezi hili. Kila kijiji kina kibao cha 50, na baada ya kibao kuna trafiki na tochi yake. Utapunguza, utaongeza, utapunguza tena, utake usitake. Foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni haifai hata kidogo: injini inazunguka bila kazi, klachi inasagika, joto linapanda na gari halijasogea. Kama unaishi mjini, lipeleke nje Jumapili alfajiri.

Sasa nije kwenye joto, maana humo ndimo gari la spoti huishi au hufa. Mshale wa joto kwenye dashibodi unapima maji, na maji hupata moto dakika chache tu baada ya kuondoka. Oili huchelewa. Magari mengi ya spoti yana kipimo tofauti cha joto la oili, na kabla hakijafika kama nyuzi 80, mguu uwe mwepesi. Hapa pwani watu hudhani kwa kuwa nje ni nyuzi 32, injini nayo imeamka na joto. Haijaamka. Nyuzi 32 kwa oili ni baridi. Lakini pia usiliwashe ukaliacha likinguruma uani robo saa huku ukinywa chai. Washa, funga mkanda, ondoka taratibu, liache lipate joto likitembea.

Turbo nayo ina joto lake. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikisukumwa na moshi wa moto mkali, na oili ndiyo inayoilainisha na kuipoza. Ukitoka kupanda mlima Kitonga kwa nguvu, ukasimama na kuzima papo hapo, oili iliyobaki pale ndani inaungua na kugeuka masizi. Kilomita mbili za mwisho ziende polepole. Ukishindwa, liache liungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Kuhusu oili yenyewe kuna mazungumzo ninayoyasikia gereji kila mara. Fundi anaimimina kiganjani, anaisugua kwa vidole, anatikisa kichwa: "Bosi, haya maji matupu. Weka nzito." Ni oili ya 0W-20, ndiyo Toyota wanayoitaka kwa injini hii, na nafasi kati ya vyuma vyake imepimwa kwa hiyo. 20W-50 ya lori haina kazi humo. Namheshimu fundi kwa mengi, ila hapa kitabu kinamshinda.

Lini uimwage oili ya kiwandani? Wenyewe hawakubaliani. BMW M huita gari lirudi likifikisha kilomita 2,000. Honda, kinyume chake, husema iache mpaka wakati wa matengenezo ya kawaida. Mimi, pale ambapo kitabu hakikatazi, nasema imwage ikifika kilomita 1,000 na ubadilishe filta. Imwagie kwenye beseni jeupe, juani. Utaona inameta, vumbi laini la chuma likielea kama unga wa fedha. Hilo ni la kawaida kwa injini mpya. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, usiliwashe tena. Piga simu kwa aliyekuuzia.

Breki mpya hazishiki sawasawa mpaka pedi zipake utando wake kwenye diski. Tafuta barabara tupu, shuka kutoka 80 hadi 20 mara nane hivi kwa mguu thabiti, bila kusimama kabisa, kisha endesha kilomita kadhaa bila kuzigusa ili zipoe. Baada ya hapo usipite moja kwa moja kwa vijana wa kuosha magari. Maji baridi juu ya diski ya moto yanaweza kuipinda, na ukifunga breki utahisi usukani ukitetemeka. Matairi mapya nayo yana utelezi wa kiwandani kwa kilomita 200 au 300, kwa hiyo kona usizipime bado. Na yapimwe upepo: magari mengi husafirishwa yakiwa yamejazwa kupita kiasi ili matairi yasilalie upande mmoja, na si kila muuzaji hukumbuka kuupunguza. Kwa kuwa GR Yaris huvuta kwa magurudumu yote manne, siku ya kubadilisha matairi usichanganye makampuni wala saizi.

Kwa usafi nitasema machache. Sabuni ya unga huondoa vaksi, na sponji iliyotoka kuosha daladala ina mchanga wa kutosha kuchora bodi nzima. Leta ndoo mbili zako, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia. Milango, boneti na mlango wa nyuma wa GR Yaris ni alumini, na paa, kwa toleo kama RZ, ni la nyuzi za kaboni. Rangi ya bodi haipendi jua la mchana kutwa wala kinyesi cha ndege kilichokaukia. Kivuli kinatosha, ila si cha mwembe wakati wa msimu, maana utomvu wake huganda kwenye rangi. Anayekaa Tanga, Mombasa au Unguja asuuze uvungu mara kwa mara, maana chumvi ya bahari haingoji.

Na ukilifungia gari kwa kuwa ni la wikiendi tu, litoe kweli hiyo wikiendi. Kuliwasha dakika tano na kulizima huacha unyevu ndani ya oili na hakuichaji betri vya kutosha. Nusu saa barabarani, oili ikiwa imepata joto, ndiyo dawa.

Jambo moja la mwisho kwa anayeagiza Japani. Gari lako huenda likaja na kitabu cha Kijapani, na kitabu hicho huishia kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na risiti za bandarini. Usikiache hapo. Pakua cha Kiingereza mtandaoni, hakikisha kinahusu toleo lako, na usome ukurasa wa kilomita za mwanzo kabla hujatoka getini bandarini, kwa sababu hesabu ya kilomita hizo inaanzia hapo.